Ngazi za umeme za Holborn: hesabu ilikubali, watu wakagoma

Wiki yangu ya kwanza London nilifundishwa kusimama kulia na mama mmoja ambaye hata usoni hakunitazama. Nimejisimamia zangu katikati ya ngazi za umeme, begi mgongoni, kama niko barazani kwetu, mara nasikia nyuma "samahani", ile samahani yao ambayo ukiichuja vizuri inabaki "toka njiani". Nikajibanza kulia, akapita, na nyuma yake wakapita kama watu 6 hivi, viatu ko ko ko, hakuna aliyesema kitu. Ndo nikagundua kumbe ngazi moja ni barabara mbili, kulia wanasimama, kushoto wanapita wenye haraka, na mabango yapo yameandikwa kabisa, mimi tu ndo sikuyasoma. Baada ya miezi miwili na mimi nishakuwa mjanja wa kushoto, napanda mbio mbio, nawanunia watalii.

Kwa hiyo hiki kisa cha Holborn nakiandika nikiwa mmoja wa washtakiwa, ieleweke hivyo mapema.

Mwisho wa mwaka 2015 Transport for London, ambao ndo wanaendesha treni za chini ya ardhi na yale mabasi mekundu, waliamua kujaribu kitu pale stesheni ya Holborn. Kwa wiki 3, siku za kazi, kuanzia saa 2 na nusu mpaka saa 3 na nusu asubuhi, wanaopanda juu wasimame pande zote mbili za ngazi, kulia na kushoto, asitembee mtu. Kwa watu wa London hiyo ni kama kumwambia mtu wa Unguja kuanzia kesho urojo unaliwa kwa uma. Kusimama kulia kwao ni adabu, ndo wanavyojua nani mwenyeji nani wa kuja, na ni mazoea ya siku nyingi mno, maana ngazi ya kwanza ya umeme kwenye hiyo reli iliwekwa Earl's Court mwaka 1911. Kuna hadithi wanaipenda sana, eti ilipofunguliwa waliajiri jamaa mwenye mguu mmoja, Bumper Harris, awe anapanda na kushuka siku nzima ili watu wenye miguu miwili waone aibu kuogopa. Wapo wanaosema ni uzushi, mimi naipenda hivyohivyo.

Sasa kwa nini Holborn. Pale zinakutana line mbili, Central na Piccadilly, katikati ya mji, maofisi kila upande, wanasheria, chuo, makumbusho makubwa ya British Museum dakika chache kwa mguu. Miaka hiyo ya jaribio walikuwa wanapita zaidi ya watu milioni 50 kwa mwaka. Stesheni yenyewe ni ya 1906, imechimbwa enzi ambazo hakuna aliyewaza umati wa namna hiyo, na ukitaka kutoka nje unapandishwa zaidi ya mita 23 kwenda juu, yaani jengo la ghorofa 7 hivi. Ukiwa chini ukaangalia juu, mtu aliyefika kileleni ni kama sisimizi amevaa koti.

Watu wengi wanadhani shida ya treni za mjini ni treni. Treni siyo shida sana. Line ya Central mida ya asubuhi inaleta treni zaidi ya 30 kwa saa, yaani hazipiti dakika mbili nyingine imeshafika, mabehewa 8, milango inafunguka inamwaga watu, inafunga, inaondoka, nyuma yake upepo wa ile inayofuata ushaanza kuusikia usoni. Wale waliomwagwa wana chini ya dakika mbili kuondoka pale kabla hawajamwagiwa wengine juu yao. Ndo maana wanaoendesha stesheni hawalali wakiwaza mlango, korido, geti na hasa ngazi, kwa sababu ngazi ndo shingo ya chupa, hata ulete treni nzuri vipi zikija kukabwa pale umefanya kazi bure. Foleni ya chini ya ngazi ikirudi nyuma mpaka kwenye jukwaa la treni inabidi wafunge mageti juu, watu wasimame barabarani na mvua yao mpaka chini kupungue.

Na hapa siyo suala la raha tu. London wana kumbukumbu mbaya ya ngazi. Tarehe 3 Machi 1943, wakati wa vita, watu walikuwa wanaingia kujificha kwenye stesheni ya Bethnal Green ambayo treni zilikuwa hazijaanza hata kuitumia, giza, ngazi zimelowa, mtu mmoja akaanguka, waliokuwa nyuma wakaendelea kusukuma kwa sababu hawaoni mbele, wakafa watu 173 na hakuna bomu hata moja lililoanguka pale. Mtu anayesimamia stesheni akiona watu wamejazana chini ya ngazi anaona kitu ambacho mimi na wewe hatukioni, sisi tunaona tu tunachelewa.

Haya twende kwenye hesabu, maana ndo utamu wa kisa ulipo.

Ngazi hizi zina upana wa kama mita 1, kidato kimoja wanaenea watu wawili bila kugusana sana. Zinakwenda karibu robo tatu ya mita kwa sekunde, na kila kidato kina sentimita 40 hivi kwenda ndani, ukigawa unapata vidato kama 112 vinavyotokeza chini kila dakika. Weka kichwani picha ya mkanda wa kiwandani. Vidato 112 kwa dakika, kila kimoja kina nafasi ya mtu wa kulia na mtu wa kushoto, na mkanda haukusubiri, kidato kikipanda kitupu kimeondoka kitupu, hakirudi kukuchukua.

Kulia watu wanapakiwa vizuri, mmoja akipanda mwingine yuko nyuma yake. Kushoto je? Anayetembea anahitaji nafasi, hawezi kumkanyaga wa mbele visigino, kwa hiyo anaacha vidato viwili vitatu vitupu. Hapo nimehesabu kwamba yupo wa kutembea. Kwenye ngazi fupi wapo wengi, kila mtu anajiona ana mapafu. Ila kuna utafiti wa mwaka 2002 ambao wenyewe London wanautegemea, kwamba ngazi ikizidi mita 18.5 kwenda juu watu wanaokubali kuipanda kwa miguu wanapungua, na Holborn ni zaidi ya 23. Wengi wakiiangalia tu roho inasema hapana. Wanajipanga kwenye foleni ya kulia, foleni inakua, inaziba korido, huku kushoto vidato vinapanda juu vitupu, kimoja baada ya kingine, kwa heshima ya bwana mmoja mwenye haraka atakayetokea baadaye.

Yaani nusu ya mashine imetengwa kwa ajili ya wachache, na wale wengi wanabanana kwenye nusu nyingine. Na wamejitenga wenyewe kwa adabu, hakuna aliyewalazimisha.

Wazo lenyewe inasemekana lilitoka Hong Kong, meneja mmoja wa huko London alienda kutembea akakuta watu wamesimama pande zote mbili na umati unakwenda vizuri tu. Akarudi nalo. Nampenda huyu mtu bila kumjua, umeenda likizo badala ya kuangalia bahari unaangalia ngazi za treni.

Basi jaribio likaanza. Wafanyakazi wakasimama na vipaza sauti, wanabembeleza, wanatania, wanawapanga watu, wengine wakapanda wenyewe wakasimama kushoto ili kuziba njia. Siku za mwanzo ilikuwa vurugu ya kistaarabu, watu wanasimama kushoto halafu wanaanza kuona aibu katikati ya safari. Na matokeo? Ngazi moja ambayo kwa wiki ya kawaida, ndani ya ile saa moja ya asubuhi, ilikuwa inapitisha watu 12,745, ikapitisha 16,220. Ngazi ileile na mota ileile, hakuna nati iliyobadilishwa. Hiyo ni nyongeza ya watu 3,475 kwa wiki, karibu 700 kila asubuhi, kwenye ngazi moja tu. Kama unajua bei ya kuchimba ngazi mpya chini ya mji kama London, handaki jipya, mabomba ya maji, misingi ya majengo ya watu, utaelewa kwa nini walikuwa wanatabasamu.

Halafu watu wakachukia.

Walichukia kweli. Walilalamika kwamba ni kuwapendelea wavivu, kwamba wananyimwa mazoezi, na gazeti moja liliripoti abiria aliyepiga kelele kwamba waachwe watembee kama wanataka, hapa siyo Urusi! Nilicheka sana niliposoma hiyo ya Urusi. Mtu anasimamishwa sekunde chache kwenye ngazi inayompeleka juu yenyewe, tayari keshafika Siberia.

Ila baadaye nilivyokaa nikaifikiria sikucheka tena, kwa sababu ndani ya hizo kelele kuna kitu, na hapa ndo nadhani wachambuzi wengi wanapita haraka. Angalia hesabu nyingine, hii ilifanywa na washauri wa kampuni ya Capgemini kwenye stesheni nyingine ya London, Green Park. Mtu akitembea anapanda kwa sekunde 26, akisimama sekunde 40. Sasa jumlisha na muda wa kusubiri chini. Kama watu 40 kati ya 100 wanatembea, anayesimama anatumia sekunde 138 kwa jumla na anayetembea 46. Wote wakisimama, kila mtu anatumia 59. Na foleni chini inashuka kutoka watu 73 mpaka 24.

Soma tena polepole. Msimamaji anaokoa sekunde 79. Mtembeaji anapoteza 13. Kwa jumla ya wote ni faida kubwa sana, hakuna ubishi. Lakini zile 13 zinauma papo hapo, kuna mgongo wa mtu mbele yako, unauona, una koti la kijivu na harufu ya kahawa, ndo uliokuzuia. Zile 79 hakuna anayeziona. Wewe uliyekuwa utumie dakika mbili na kitu mpaka juu umetumia moja, utajuaje? Utasema tu leo kumepoa. Aliyepoteza ana mtu wa kumlaumu na aliyepata hajui hata kama amepata, sasa hapo kelele zitatoka upande gani?

Halafu tuseme ukweli, mtembeaji hana kosa peke yake. Saa 6 mchana ngazi haina watu, kumzuia asitembee ni kumwonea tu, hakuna foleni ya kuokoa. Kwenye ngazi fupi, ambako wanaotembea ni wengi na upande wa kushoto unajaa wenyewe, faida inakuwa ndogo au haipo. Hii dawa ni ya ngazi ndefu, saa ya msongamano, basi. Mimi kosa naliona hapo, kwamba ilielezwa kama tabia mpya ya kila mtu, watu wakasikia mnatubadilishia utamaduni wetu, wakati ilikuwa ni kama taa za barabarani, ukiwa peke yako saa 8 usiku maana yake ni nyingine.

Na kuna hili la kuwa wa kwanza. Ukisimama kushoto peke yako hujasaidia kitu, umeziba tu, mpaka na wa nyuma yako wote wasimame na nafasi ijae ndo faida inakuja. Kwa hiyo yule wa kwanza analipa gharama yote, anaitwa mshamba, anapigwa macho ya kisogo, kwa faida itakayoanza kuonekana kwa mtu wa 50 kule nyuma. Nani atajitolea? Ndo maana wafanyakazi wa vipaza sauti walivyoondoka watu walirudi kulia kama maji yanavyorudi baharini.

Walijaribu tena. Aprili 2016 wakaanza jaribio refu la miezi 6, safari hii bila kutegemea kelele, wakabandika alama za nyayo kwenye vidato pande zote mbili, alama za viganja kwenye mkanda wa kushikilia, sauti ya mashine ya kuelekeza, na kioja zaidi wakaweka picha ya mfanyakazi ya kuangaza kama mzimu inayowaambia watu wasimame. Nyayo sawa, nyayo ni wazo zuri, mguu wa mtu ukiona nyayo unataka kukaa pale. Ila mzimu? Watu walioshindwa kumsikiliza mfanyakazi wa nyama na damu watamsikiliza wa mwanga? Mwisho wake utaratibu haukusambazwa stesheni nyingine, na mpaka leo ukitua London ni kulia wanasimama, kushoto wanapita.

Mwezi mmoja baada ya jaribio hilo la pili kuanza, Mei 2016, ndo mwendokasi ikaanza Dar, na nakumbuka nilivyorudi likizo nikaenda Kimara asubuhi nikaona ndugu yake Holborn kabisa. Basi linafika, mlango unafunguka, waliopo nje wanaziba kabla wa ndani hawajashuka, na kila mmoja pale ana sababu ya maana kabisa ya kuwahi, hakuna mwendawazimu hata mmoja, ila wote kwa pamoja wanalichelewesha basi. Konda wa daladala angepiga kelele shusha kwanza, shusha kwanza. Pale hakuna konda.

Kwingine wamefika kwa njia nyingine. Toronto mwaka 2007 waliondoa yale mabango ya kusimama kulia, wakisema usalama. Japani ndo wamekwenda mbali, mkoa wa Saitama Oktoba 2021 wakaweka sheria ndogo ya kutaka watu wasimame bila kutembea kwenye ngazi za umeme, mji wa Nagoya ukafuata Oktoba 2023. Saitama haina faini, ila imeandikwa, na sababu walizozipa mbele siyo hesabu ya umati. Walisema watu wanaanguka, wanagongwa, na kuna watu ambao upande mmoja wa mwili haufanyi kazi vizuri, wanaweza kushika mkanda kwa mkono mmoja tu, sasa ukimlazimisha asimame upande ambao mkono wake haushiki unamwambia asipande.

Hilo la mkono sikulielewa mpaka shangazi yangu alivyokuja.

Shangazi yuko Tanga, aliwahi kupata kiharusi, amepona vizuri ila mkono wa kulia mzito, kikombe haunyanyui. Alikuja kutusalimia na kitu kimoja alichotaka kukiona London ni Bush House. Hakutaka ikulu ya malkia wala daraja. Maisha yake yote amesikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, baba yake alikuwa nayo, mume wake alikuwa nayo, na Bush House kwake ilikuwa ni kama jina la mtaa wa jirani. Nikamwambia shangazi BBC walishahama pale tangu 2012, sasa hivi ni chuo. Akasema hata, mimi nataka kuona mlango. Ukishuka Holborn unatembea Kingsway mpaka mwisho, unaufikia.

Kosa langu nilimpeleka asubuhi. Tumetoka kwenye treni, tumebebwa na umati mpaka chini ya ngazi, mimi kwa mazoea namvuta kulia, yeye anakataa, anaenda kushoto, mkono wa kushoto ushaukamata mkanda. Kidato kikamchukua. Nikaruka nyuma yake, nikasimama kidato kimoja chini, nimemkinga mgongo.

"Shangazi, huku ni kwa wanaotembea."

"Sasa nishike kwa mkono gani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nyuma yetu foleni ya wenye haraka ikaanza kujikusanya, nawasikia wanavyopumua. Jamaa mmoja, kijana, suti ya bluu, begi la kompyuta, akasema ile samahani. Nikageuka nikamwambia hawezi kushika upande ule, akanyamaza lakini mguu wake ulikuwa unagonga kidato tap tap tap. Shangazi akasikia.

"Anasemaje huyo?"

"Anataka kupita."

"Kwani ngazi haiendi?"

Ilikuwa inaenda. Na nilichokiona nikigeuka tena ndo kilichonifanya niandike yote haya. Kwa kuwa kushoto kumeziba, waliokuwa wamejipanga chini foleni ya kulia wameanza kuingia kushoto, wawili wawili, kila kidato, mpaka chini kabisa. Ngazi imejaa kama sahani ya vitumbua. Chini foleni imeyeyuka. Hakuna aliyejua ni kwa sababu ya bibi mmoja wa Tanga mwenye mkono mmoja, na nina uhakika hakuna aliyekwenda ofisini akasema leo Holborn palikuwa rahisi.

Tulivyofika juu yule wa suti akatupita kwa kasi, bega kwa bega, akaweka kadi getini, akatoka. Sisi tukafuata taratibu, shangazi anatafuta kadi yake kwenye mkoba, ikapatikana, tukapita, tukatoka nje kwenye baridi. Pale mlangoni Kingsway kuna taa za waenda kwa miguu. Nyekundu. Watu wamejazana ukingoni wanasubiri, na mbele kabisa kuna suti ya bluu na begi la kompyuta.

Shangazi akanigusa kiwiko. "Si ndo yule?"

"Ndo yeye."